Tiger Moth imekufa, unaifufuaje? Mwongozo kwa anayeanza kabisa

Nimeandika hii manake maswali ni yaleyale kila wiki. "Kaka, ndege ya vita mtu wa kawaida anaweza kuimiliki?" "Lazima niwe injinia?" "Nikishapiga rangi si inaruka?" Ya kwanza jibu ni ndiyo, ya pili hapana, na ya tatu jamani ndo imenifanya nikae chini niandike.

Mimi ni fundi magari, nimejifunzia gereji Tanga, sasa hivi naishi Uingereza na kila Jumamosi najitolea kwenye hanga moja tunafufua Tiger Moth. Kwahiyo naongelea hiyo hiyo, De Havilland DH.82A. Hii ni ndege ya mafunzo, iliruka mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 1931 na marubani wengi wa Uingereza na makoloni yake wakati wa Vita Kuu ya Pili walianzia humo. Ni nzuri kwa anayeanza kwasababu ni mbao, mabomba ya chuma, kitambaa na injini ya silinda nne, vitu ambavyo seremala, fundi wa kulehemu, mshona nguo na fundi gari wanavielewa. Tena nyingi zilitengenezwa na Morris Motors pale Cowley, walewale wa magari ya Morris, kwahiyo usiogope.

Kitu kimoja kiweke kichwani tangu sasa: kitambaa kinaficha kila kitu. Ndege inaweza kung'aa kama bibi harusi na ndani boriti imeoza.

Kabla hujashika spana

- Nafasi kavu yenye paa. Bawa hadi bawa ndege ina karibu mita 9 na urefu mita 7 na kitu, ila ukiivua vipande vinatawanyika, andaa mara mbili ya hapo.
- Kitabu cha matengenezo na kitabu cha orodha ya vipuri vya ndege hiyo, sio vya ndege inayofanana nayo.
- Spana za vipimo vya zamani vya Uingereza (BSF na BA). Spana za milimita zitakula vichwa vya bolti, nimeona mtu kaharibu bolti sita asubuhi moja.
- Timazi, pima maji, tochi nzuri, kioo kidogo cha mpini kama cha daktari wa meno, nyundo ndogo ya plastiki.
- Barakoa ya kemikali (sio ile ya kitambaa ya corona), glavu, kizimamoto.
- Pasi ya nguo yenye uzito, na kipimajoto cha kuipima. Utaelewa mbele.
- Mkaguzi mwenye leseni, na umpate SASA, sio mwishoni. Uingereza kuna de Havilland Support pale Duxford ndo wanashikilia cheti cha aina (idhini ya muundo wa ndege) cha Tiger Moth, na karatasi za kuruka zinapita kwa mamlaka ya anga. Kama uko Kenya unaongea na KCAA, Tanzania TCAA. Ongea nao kabla hujanunua chochote.

Hatua ya 1: Amua itasimama au itaruka

Hapa ndo watu wengi wanapotea. Ndege ya maonyesho na ndege ya kuruka ni kazi mbili tofauti. Ya maonyesho unaruhusiwa kuacha mbao ya asili yenye ufa, unaipaka dawa, unaitegemeza, na makumbusho watakushukuru kwa kubakiza kitu cha kiwandani. Ya kuruka mbao hiyohiyo inatoka, hakuna huruma, hata kama imeguswa na nani.

Usianze "ya maonyesho halafu baadaye tutaona". Ukishatumia gundi ya dukani na bolti zisizo na cheti, siku ukitaka iruke unaanza sifuri, tena vibaya zaidi manake lazima ukumbuke wapi uliweka nini. Ushauri wangu, kama hii ni ya kwanza kwako, fanya ya maonyesho.

Hatua ya 2: Ijue ni nani

Tafuta kibati cha utambulisho na vitabu vyake vya kumbukumbu. Tiger Moth nyingi zimepitia ajali na matengenezo mengi, bawa la huyu, mkia wa yule, ni kawaida. Kwa inayoruka bila karatasi huna ndege, una kuni za bei ghali. Na namba za jeshi usiziamini kwa macho ya nje, zimepakwa upya mara kadhaa. Chukua msasa laini sana wa maji, lowesha, sugua taratibu sehemu ndogo ubavuni mwa bodi, rangi zinatoka tabaka kwa tabaka, fedha, nyeupe ya klabu fulani, njano ya mafunzo, halafu chini kabisa kivuli cha namba ya kwanza. Piga picha KILA tabaka kabla hujaendelea.

Hatua ya 3: Vitu vinavyoua kabla hata hujaanza kazi

Usiruke hii sehemu.

Saa za kokpiti (vipimo vilivyo mbele ya rubani) zenye mishale na namba za kung'aa gizani, za enzi zile zilipakwa rangi yenye mionzi, yaani madini ya radiamu. Hata kama hazing'ai tena bado zina mionzi. Usifungue kioo, usikwangue, usipulize vumbi. Zitoe nzima, ziweke kwenye mfuko uliofungwa, mwachie mtaalamu.

Magneto. Wewe wa magari umezoea ukitoa betri umeme umeisha. Tiger Moth haina betri ya kuwashia, magneto inajitengenezea umeme wa plagi yenyewe, na waya wa swichi ukikatika magneto inabaki HAI. Yaani swichi imezimwa, wewe unasogeza propela kidogo upite, injini inashika. Kila propela ihesabu kama bunduki iliyojaa, na unapofanya kazi toa plagi.

Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, usiisage kavu. Na kama ulichonunua sio Tiger Moth bali jeti, mfano Strikemaster kama zile ambazo Jeshi la Anga la Kenya liliwahi kuwa nazo, kile kiti kina baruti ya kumrusha rubani nje. Usikikalie kupiga picha mpaka mwenye ujuzi wake athibitishe kimetolewa baruti. Sitanii.

Hatua ya 4: Piga picha, weka lebo, ndo uvue

Kila kitu kinapata lebo kabla hakijatoka: kushoto, kulia, juu, chini, mbele, nyuma. Bolti zake zinaingia mfuko mmoja na zinafungwa kwenye kipande chenyewe, usiziweke zote kwenye ndoo moja. Sisi kuna mtu mmoja (sio mimi, naapa) aliweka za mabawa yote manne kwenye kopo la biskuti, tulikaa wiki tatu tunapima bolti moja moja.

Kitambaa cha zamani kikate kwa vipande vikubwa, usikichane. Chenye alama au namba kiviringishe kama mkeka, usikikunje kwa mikunjo, hicho ni historia na makumbusho wanakitaka.

Ukishatoa kitambaa simama kidogo uangalie. Siku tumefungua bawa la juu kushoto, kwenye ubavu wa nne kutoka mwisho kulikuwa na herufi mbili za penseli na mstari chini yake, za fundi aliyeunganisha. Penseli ile haijafutika miaka yote hiyo. Tumeacha ilivyo, tumepaka vanishi juu yake.

Hatua ya 5: Mbao

Kila bawa lina boriti mbili za mbao ya sprusi, na mbavu juu yake. Hapa usiwe na haraka hata kidogo.

a) Angalia kuzunguka matundu ya bolti. Doa jeusi maana yake chuma kilipata kutu na unyevu umeingia kwenye mbao. Bonyeza kwa ncha ya bisibisi kwa upole, ikizama kama kwenye sabuni, boriti hiyo imekwisha.

b) Angalia mistari myembamba inayokatiza nyuzi za mbao. Sio ufa wa kufuata nyuzi, huo unaonekana kirahisi. Huu unakata kimsalaba kama mkunjo wa karatasi, na unatokea pale mbao ilipobanwa kwa nguvu, mfano ndege iligusa ardhi kwa ncha ya bawa mwaka 1952 na hakuna aliyeandika. Tumia tochi kwa kulaza mwanga pembeni, ukimulika kutoka juu huoni kitu.

c) Gundi. Nyingi za zamani ni kaseini, inatokana na maziwa, ndio maziwa haya haya, na unyevu ukikaa inaota ukungu na kuachia. Gonga kiungo kwa kichwa cha bisibisi: kizima kinalia "ko", kilichoachia kinalia "kwa" kama chungu chenye ufa. Ukishakisikia mara moja hutakisahau. Ukibandua kiungo na gundi ikatoka safi bila nyuzi za mbao kushikana nayo, basi viungo vyote vya umri huo vina kesi ya kujibu.

Kosa la kawaida: kuongezea gundi mpya juu ya gundi ya zamani. Haishiki. Kwangua mpaka mbao yenyewe, afu tumia gundi iliyoidhinishwa kwa ndege na ufanye kipande cha majaribio kutoka mchanganyiko uleule, kesho yake kivunje. Mbao ivunjike, gundi ibaki. Kinyume chake, rudia.

Usifunike chochote mpaka mkaguzi aone. Akiona anasaini. Ukifunika kabla atakuambia uchane, na ana haki.

Hatua ya 6: Chuma

Bodi ni mabomba ya chuma. Kutu ya nje sio shida sana, shida ni ya ndani, manake bomba linaoza kutoka ndani na wewe unaona rangi safi. Chini kabisa karibu na mkia, pale maji yanapokusanyika, ndo pa kuanzia. Gonga, sikiliza, na kama inaruka pimisha unene kwa ultrasaundi. Kupiga mchanga ruhusa kwa mabomba ila tumia mchanga laini na presha ndogo, na KAMWE usipige mchanga bati la alumini la kufunika injini, litajikunja kama chapati.

Afu kuna fimbo mbili za chuma zinazopita upande hadi upande chini ya bodi, ndizo zinazuia mabawa ya chini yasivutwe nje. Vitu vidogo vyembamba, huwezi amini. Desemba 2013 huko Queensland Australia Tiger Moth iliyokuwa inarusha abiria ilikatika bawa angani na watu wawili walikufa, uchunguzi ukakuta fimbo zote mbili zimekatika kwa uchovu wa chuma, na zilikuwa hazijafika hata muda wake wa kubadilishwa. Kwa ndege ya kuruka hizi hazikaguliwi kwa macho ukaridhika. Nunua mpya zenye cheti, kutoka chanzo kinachotambulika, zenye karatasi zinazofuatilika, na uandike tarehe. Muuzaji akikuambia "hizi ni sawasawa na za kiwandani" bila karatasi, agana naye vizuri.

Hatua ya 7: Injini

Gipsy Major, silinda nne zimening'inia kichwa chini, inapozwa kwa hewa, nguvu farasi 130. Kwa maonyesho: toa oili, toa petroli yote hadi tone la mwisho kwenye tanki (liko juu katikati ya mabawa, linabeba lita kama 86), mwagia oili ya kuhifadhi kupitia matundu ya plagi, rudisha plagi za zamani, basi.

Kwa kuruka: ipeleke kwa karakana iliyoidhinishwa. Najua wewe ni fundi, mimi pia ni fundi, tumeshusha injini za Land Rover ngapi, lakini hii haiwezi kupaki pembeni ya barabara. Fedha nyingi za mradi zitaishia hapa, jipange nayo mapema.

Hatua ya 8: Kitambaa

Hii ndo sehemu ninayoipenda na ndo inayoulizwa zaidi. Zamani ilikuwa kitani cha Ireland, siku hizi wengi tunatumia poliesta kama Ceconite. Kitani kinakazwa na dopu yenyewe (kimiminika kinachopakwa juu ya kitambaa), poliesta inakazwa kwa pasi.

1. Funika kingo zote kali za mbavu kwa utepe. Kucha ya mbao moja iliyoachwa itatoboa.
2. Tandika kitambaa kikiwa kimelegea kiasi, gundisha kingo. Usivute kama ngoma, pasi itafanya hiyo kazi.
3. Pima pasi kwa kipimajoto, usiamini namba za kwenye kitufe. Zunguko la kwanza joto dogo kama nyuzi 120 za Selsiasi, la mwisho karibu 177 na USIZIDI hapo, ukizidi kitambaa kinalegea na hakirudi tena.
4. Nenda pande zote kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja kwa joto la mwisho kabla ya mwingine, bawa linapinda. Poliesta ina nguvu ya kukunja mbao nyembamba, hasa kingo za nyuma.
5. Shona. Uzi uliopakwa nta, sindano ndefu, inapita kutoka juu ya bawa hadi chini kuzunguka ubavu, fundo, unasogea kiasi cha sentimita 7 hivi, na karibu na propela unakaza nafasi zaidi kwasababu ya upepo wake. Kipimo kamili fuata kitabu. Kazi ya watu wawili, mmoja juu mmoja chini, mnapasiana sindano na mnapiga stori. Mwenzangu wa upande wa pili ni mama mmoja mstaafu, alikuwa mshona mapazia, fundo zake ni nzuri kuliko za kwetu wote pale.
6. Bandika utepe wenye kingo za zigizaga juu ya mishono yote, na weka vijitundu vya kutolea maji sehemu ya chini kabisa ya kila chumba cha bawa. Watu husahau kuvitoboa baada ya kupaka rangi, wanavibandika tu! Maji yanabaki ndani na umerudi hatua ya 5.

Hatua ya 9: Dopu na rangi

Dopu ya naitreti kwanza, inashika kitambaa vizuri. Juu yake butireti. Usirudishe naitreti juu ya butireti, itabanduka. Naitreti inawaka kama petroli, kwahiyo hakuna sigara, hakuna hita, hakuna balbu ya kuning'inia, na milango wazi.

Kati ya dopu na rangi lazima tabaka za fedha, yaani dopu yenye unga wa alumini. Sio urembo, ndo inazuia jua lisile kitambaa. Washa taa ndani ya bawa, ukiona mwanga unapenya bado haitoshi. Kwa ndugu zangu wa Mombasa, Dar na Zanzibar wanaotaka kuweka ndege ya maonyesho nje, ongeza na bado jenga paa. Jua letu halina mchezo.

Rangi ya mafunzo wakati wa vita: juu kijani iliyokolea na kahawia ya udongo kwa mabaka, chini njano.

Hatua ya 10: Kuunganisha na kunyoosha

Simamisha bodi sawasawa kwa pima maji, ning'iniza timazi, ndo ufunge mabawa. Waya zinakazwa kidogo kidogo pande zote mbili, huku unapima pembe kulingana na kitabu. Kwenye ncha za waya kuna kijitundu cha ukaguzi: ingiza waya mwembamba, ukipita hadi upande wa pili maana yake nyuzi hazijaingia vya kutosha, kaza zaidi. Dakika moja tu kwa kila ncha, lakini ndo watu wanairuka wakiwa na hamu ya picha.

Usukani wa mabawa (vile vipande vya bawa vinavyopanda na kushuka) upo kwenye mabawa ya chini tu, ya juu hayana, usishangae. Ukisukuma fimbo kushoto, kipande cha bawa la kushoto kinapanda. Angalia kwa macho, mwite na mwingine aangalie. Nyaya zilizofungwa kinyume zimeua watu tangu ndege zianze.

Mambo yakigoma

*Dopu imekuwa nyeupe kama maziwa.* Unyevu hewani. Subiri siku kavu, nyunyiza thina ya polepole juu, itarudi. Mvua ikinyesha usipake, kanywe chai.

*Kitambaa kina mikunjo kwenye kona.* Pasi ndogo ya mafundi wa ndege ndogo za mfano, joto la kati. Mkunjo ukigoma fungua gundi ya pale uvute upya, usijaribu kuufunika kwa rangi, utauona milele.

*Propela imekaza, haizunguki.* USILAZIMISHE. Injini iko kichwa chini kwahiyo oili inashuka na kujaa kwenye silinda. Swichi zimezimwa, toa plagi, oili imwagike, ndo uzungushe kwa mkono taratibu. Ukilazimisha unapinda konrodi (mkono wa pistoni).

*Haiwaki.* Zungusha propela kwa mkono usikilize, kwenye magneto yenye springi ya kuwashia lazima isikike "tak!" Usiposikia, imenata, safisha. Ikisikika na bado haiwaki na unanusa petroli, umeinywesha kupita kiasi: swichi zima, throto wazi, rudisha propela nyuma mizunguko kadhaa, anza tena. Na anayezungusha lazima awe amefundishwa ana kwa ana, sio kwa maandishi haya. Magurudumu yamewekewa vigingi, mkia umefungwa, mtu anayejua yuko ndani ya kokpiti. Swichi ziko nje ya kokpiti makusudi, ili wewe uliye mbele uzione.

*Ikiruka inavuta upande mmoja.* Usianze kukunja vitu. Rudi na pima maji, pima pembe za mabawa yote, mara nyingi ni waya mmoja.

*Harufu ya ajabu kwenye bawa la maonyesho.* Panya. Mkojo wao unakula alumini na mbao kuliko mvua. Ziba matundu yote isipokuwa yale ya kutolea maji, hayo weka wavu mwembamba tu ili maji yapite, na kila mwezi pita na tochi.